Jina Kwenye Kadi ya Lifti

Watu wakiniuliza kwa nini dada yangu alikataa kiti cha ghorofa ya tisa akarudi kwenye grisi, nami huwauliza: mara ya mwisho ulipopanda lifti, ulisoma kadi? Wananitazama kama nimechanganyikiwa. Kadi gani? Basi tulia, nasema, kwanza usikilize.

Dada yangu ni injinia wa lifti. Shahada anayo, na vumbi la kuipata alilila. Ameifanyia kampuni moja kazi miaka kumi na minane, anazunguka majengo ishirini na matatu ya mji huu na mfuko wa vifaa begani. Kazi yake kubwa ni kukagua. Akiridhika, anaandika kwenye kadi ya manjano iliyo ndani ya kisanduku cha kioo, kando ya mlango wa lifti pale chini: tarehe, jina lake, sahihi. Asiporidhika, anazima umeme wa lifti, anaifunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, anatundika kibao chekundu. Hapo hata mwenye jengo aje analia, atapanda ngazi kama wenzake.

Mafundi wenzake wamempa jina: Mara Kumi na Mbili. Ni kwa sababu kamba za chuma za lifti lazima ziweze kubeba mara kumi na mbili ya mzigo zitakaopewa, na yeye hachoki kulisema hilo, hata kwenye harusi. Ukimuuliza kwa nini isiwe mara mbili au tatu, ana jibu lake. "Moja ni ya mzigo," husema. "Kumi na moja zilizobaki ni za uongo wa watu."

Mimi ni fundi cherehani, na hilo nalielewa vizuri kuliko hao wanaomcheka. Nguo usipoiachia akiba kwenye mshono, itapasuka mwenyewe akicheka. Mteja haioni ile akiba, na hakulipi kwa ajili yake, lakini siku akinenepa atakuja kukushukuru.

Wa tatu nyumbani kwetu ni Mama. Ana presha ya macho, na kila mwezi nampeleka kliniki iliyo ghorofa ya nne ya jengo moja refu la mjini. Mama ana sheria yake: haingii kwenye lifti mpaka asomewe kadi. Akisikia jina la mwanawe, anaingia kifua mbele utadhani jengo ni lake. Asipolisikia, tunapanda ngazi, yeye na magoti yake, mimi na mkoba wake.

"Mwanangu hajaliona hili dude," husema mbele za watu bila haya. "Mimi siingii."

Sasa, juu kabisa ya jengo hilohilo la kliniki, ghorofa ya tisa, kuna ofisi ya watu wa soko la fedha. Wananunua na kuuza fedha za kigeni na hisa kutwa nzima, macho kwenye skrini. Mkubwa wao sisi tulimbatiza Bwana Chati. Zamani alikuwa injinia wa madaraja, akaona madaraja hayamtoshi mfukoni, akahamia huko. Miaka miwili iliyopita alikwama kwenye lifti ya mbele, na aliyekuja kumtoa ni dada. Dada alimwambia kupitia upenyo wa mlango, "Tulia bwana, dakika kumi na moja." Bwana Chati akaangalia saa. Zikawa kumi na moja kamili. Tangu siku hiyo hakumpa dada amani.

"Njoo kwetu," alikuwa akimwambia kila wakikutana. "Kichwa kama hicho kinaozea kwenye grisi. Sisi tunatafuta mainjinia, siyo wapiga domo. Nitakulipa mara tatu ya hao wanaokuchosha."

Dada alikuwa anacheka tu, mpaka siku ya ugomvi na meneja wake.

Jengo lile lina lifti mbili. Ya mbele ni ya maofisi. Ya nyuma, iliyo karibu na mlango wa kliniki, ni ya wagonjwa na mizigo. Mwezi ule dada alikagua ya nyuma akakuta kamba mbili kati ya tano zimeanza kukatika nyuzi, na vumbi jekundu la kutu limejaa kwenye gurudumu. Akafunga swichi kwa kufuli, akatundika kibao. Meneja akamwita ofisini. Kamba mpya zingekuja kwa meli mwisho wa mwaka, alisema, na mwenye jengo ni mteja mkubwa, na hizo tatu nzima zilitosha kabisa.

"Nenda kaandike kadi," akamwambia.

"Nitaandika siku zitakapobadilishwa."

"Wewe mama, kama umechoka kazi sema. Wako vijana wengi mlangoni hawana ukaidi kama wako."

Alimwambia hivyo mbele ya mafundi, yeye ambaye dada ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi! Dada alikwenda akaomba likizo ya wiki mbili, akapewa haraka hata haikupendeza, akaja nyumbani akakaa kwenye kiti changu cha kazini bila kuvua viatu.

Na hapa sitaki kujificha: mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia aende ghorofa ya tisa. "Miaka kumi na minane unawabebea roho za watu," nilimwambia, "na wao hawakubebei hata mfuko. Unangoja nini, sanamu yako ijengwe? Nenda huko kwenye kiyoyozi." Mama alikuwa anasikiliza chumbani.

Akaenda. Walikuwa watu watano kwenye majaribio hayo ya wiki mbili, wote mainjinia: wa umeme, wa kompyuta, wa barabara, wa mashine, na yeye. Walipewa fedha za mazoezi, zisizo za kweli, wakaambiwa wanunue na kuuza kama zingekuwa za kweli. Kila jioni alikuwa ananisimulia huku mimi nikipiga pasi.

Siku ya kwanza aliaibika, au wao walidhani ameaibika. Walikuwa wanaonyeshwa bei ya fedha fulani ikishuka kwenye chati, akainua mkono akauliza, "Ikianguka, chini kuna nini?" Chumba kizima kilipasuka kicheko. Lakini yeye alikuwa na haki ya kuuliza. Chini ya kila lifti kuna shimo, na ndani ya shimo kuna springi za kuipokea ikipitiliza. Hajawahi kuona kitu kinachoshuka ambacho hakuna aliyefikiria kitatua wapi.

Siku ya pili wakamfundisha kwamba ukiweka akiba ya shilingi moja unaweza kukopeshwa ucheze na thelathini. Akarudi nyumbani kakasirika kabisa. "Yaani sisi tunaweka nguvu ya kumi na mbili kwa mzigo mmoja," aliniambia, "hawa wananing'iniza mizigo thelathini kwenye kamba moja, halafu wananicheka mimi!" Akaamua kucheza kwa namna yake. Kila alichoruhusiwa, alitumia sehemu moja ya kumi na mbili. Wiki ya kwanza akawa wa mwisho. Injinia wa barabara alikuwa wa kwanza, akaanza kumwita Bibi Breki.

Jumatano ya wiki ya pili soko likaporomoka. Sijui sababu, na nina hakika wao pia hawakuijua, ingawa kila mmoja alikuwa na maelezo yake baada ya hapo. Kufikia saa sita mchana wanne wale walikuwa hawana kitu, injinia wa barabara akiwa wa kwanza tena. Bibi Breki alikuwa amepoteza kiasi ambacho hata kikombe cha chai kisingetikisika.

Alhamisi Bwana Chati akamwita peke yake, akamwekea mkataba mezani. Hakutaka anunue wala auze. Alitaka awasimamie wanaonunua na kuuza, awasimamishe wakizidisha. "Hapa wote tuna mguu wa mafuta, hatuna wa breki," alimwambia. "Ukisema simama, tunasimama wote. Hata mimi."

Hata mimi! Dada alirudia maneno hayo jioni ile mara nne, na nilimwona uso wake. Haikuwa ile mara tatu ya mshahara. Ilikuwa ni kwamba kuna mahali duniani mtu mkubwa anaweza kumwambia, ukisema simama nitasimama. Miaka kumi na minane hakuwahi kuambiwa hivyo kule anakoshikilia maisha ya watu. Na mimi nikafurahi naye, nikakesha kidogo tu kumaliza koti la kijivu nililokuwa namshonea kwa ajili ya kazi mpya. Lilimkaa vizuri, kola imelala, mabega yamesimama. Nilijipongeza.

Ijumaa asubuhi akawa tayari, koti mwilini, anakunywa chai ya kusimama. Angesaini saa nne. Mama akatoka chumbani akipapasa ukuta, akaketi, akashika kikombe chake.

"Nenda mwanangu, Mungu akutangulie," akasema. "Nasikitika tu kwamba sasa hakuna wa kuniandikia jina kwenye lifti. Jumanne niliposomewa pale nyuma, nusura nilie. Nikajua ndiyo mara ya mwisho."

Dada akaweka kikombe chini. "Pale nyuma wapi?"

"Kliniki. Lifti yako ya nyuma. Hata haikutikisika."

Dada akanigeukia. Nilianza kuelewa kabla hajauliza.

"Kadi ilikuwa na tarehe gani?"

"Jumatatu," nikasema. "Tarehe kumi na saba."

Jumatatu tarehe kumi na saba dada yangu alikuwa ghorofa ya tisa amekodolea macho chati, na mimi nilijua hivyo. Lifti ile aliifunga kwa kufuli lake, hilo pia nilijua. Lakini Jumanne nilimshika Mama mkono, nikaona jina lililozoeleka kwenye kadi, nikalisoma kwa sauti, tukaingia na kupanda hadi ghorofa ya nne. Sikuangalia hata mwandiko. Dada yangu saba yake huikata katikati kwa mstari mdogo tangu darasa la pili. Nimekaa na madaftari yake maisha yangu yote, na ile saba ya kwenye kadi, sasa nilipoikumbuka, haikuwa na mstari.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua mfuko wake wa vifaa nyuma ya mlango, akautundika juu ya koti la kijivu, akasema, "Twende."

Tulipofika, kadi ilikuwa palepale ndani ya kioo. Ilikuwa na jina lake na sahihi iliyoigwa vizuri kiasi, tatizo ni saba tu. Tulipanda na lifti ya mbele hadi juu. Akaiita ya nyuma, ikaja, akahakikisha haina mtu, akafunga mlango usifunguke. Kisha ngazi moja zaidi hadi chumba cha mashine, chini ya paa. Kulikuwa na joto na harufu ya mafuta ya zamani. Kufuli lake lilikuwa kwenye kona, limekatwa kwa msumeno, limetupwa kama kifuniko cha soda. Kibao chekundu kilikuwa kimewekewa kopo la rangi juu yake.

Akazima umeme. Akaniomba kitambaa. Mkobani nilikuwa na kipande cha bitana kilichobaki kwenye koti lake, nikampa. Akakizungusha kwenye kamba ya kwanza, akakibana kwa ngumi, akakipitisha polepole toka juu hadi chini.

"Kikinasa, hesabu," akaniambia.

Kamba ya kwanza kilipita. Ya pili kilinasa, kikanasa tena, kikachanika. Nilihesabu tisa. Ya nne nilihesabu kumi na nne, na hiyo ilikuwa mita moja na nusu tu ya kamba inayopanda ghorofa tisa. Mimi nimeshona miaka ishirini, najua uzi unaposhikwa na kitu chenye meno unasikikaje. Nikamfikiria Mama ndani ya kile kisanduku, kifua mbele.

"Ingeanguka?" nikamuuliza.

"Jumanne hapana. Zipo nyingine tatu, na ipo breki ya dharura." Akafuta mikono kwenye koti langu la kijivu, kwenye pindo kabisa, bila kujua anachofanya. "Ndiyo maana huwa wanathubutu. Kila mmoja anakula moja kati ya zile kumi na mbili, anaona haikutokea kitu, anamwachia mwenzake."

Alikuwa na kufuli la akiba mfukoni. Akalifunga, ufunguo akauvaa shingoni.

Simu ya meneja haikuchelewa, mlinzi wa jengo alikuwa ameshampigia. Sauti yake niliisikia nikiwa nimesimama mlangoni. "Uko likizo wewe! Huna mamlaka ya kugusa hicho kitu!"

"Mimi niko likizo," dada akamjibu, "lakini jina langu umelifanyisha kazi Jumatatu bila kuniuliza. Nimekuja kulichukua." Akakata. Akapiga picha kamba, kufuli lililokatwa, kile kitambaa, na baadaye kadi, akazituma kwa mwenye jengo na kwa watu wa bima yake, wote kwa ujumbe mmoja ili asiwepo wa kusema hakuona.

Ilipofika saa nne na robo, Bwana Chati akapanda ngazi ile ya mwisho, suti nzuri, anahema kidogo. Nilidhani amekuja kuuliza kuna nini. Alikuwa na wageni ishirini na sita waliotaka kuweka fedha zao kwake, wanafika saa tano, na lifti ya mbele inabeba watu wanane.

"Nimesikia," alisema kwa upole. "Uko sahihi kabisa, ndiyo maana nakutaka. Lakini fungua kwa saa moja tu. Wakishapanda, funga hata mwaka mzima. Saa moja haina neno."

"Jana uliniambia nini?"

"Hiyo ni habari ya soko."

"Uliniambia nikisema simama, mnasimama wote. Hata wewe." Alikuwa hapazi sauti. "Nimesema simama. Hujamaliza hata siku moja."

"Usilinganishe vitu viwili tofauti. Mkataba uko mezani kwangu. Shuka usaini, halafu hili ni tatizo la hao wa lifti, wewe siyo mtu wao tena."

"Wewe umejenga madaraja," dada akamwambia. "Unajua."

Alijua. Niliona macho yake yakienda kwenye kile kitambaa changu kilichochanika, yakarudi. Kwa kitambo akawa si Bwana Chati tena, akawa injinia mwenzake anayetazama kamba mbovu. Kisha akaangalia saa.

"Watu hufa maskini hivi," akasema.

"Na wengine hufa kwenye lifti," nikadakia mimi, maana uvumilivu wangu una kikomo. "Shuka bwana, wageni wako watafika. Ngazi ziko pale, ni nzuri kwa moyo."

Akashuka. Mkataba ukabaki mezani kwake bila sahihi, labda uko hapo mpaka leo. Saa tano tulisikia wale waliochoka kungoja lifti ya mbele wakipanda kwa miguu, wanalalamika ghorofa baada ya ghorofa, na nakiri kwamba nilifurahi.

Najua mnachotaka sasa. Mnataka niseme meneja alifukuzwa na dada akapewa kiti chake. Hakufukuzwa. Watu wa aina yake hawafukuzwi, wanahamishwa idara. Dada alipewa barua ya onyo kwa kosa la kufanya kazi wakati wa likizo, naapa, imegongwa muhuri. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa cherehani yangu uliokuwa unayumba. Hauyumbi tena. Mshahara wake ni uleule. Doa la grisi kwenye koti la kijivu halikutoka, nami nimelipigia kelele hadi nimechoka, na yeye analivaa hivyohivyo.

Ila kamba ambazo zingekuja mwisho wa mwaka zilifika ndani ya siku kumi. Watu wa bima wakikunja uso, meli hukimbia.

Na bado wapo wanaomwambia aliitupa bahati. Wiki iliyopita tu shangazi mmoja alimwambia hivyo mbele yangu. Dada akamjibu, "Nilikwenda kuipima, shangazi. Ilinasa kitambaa." Akaendelea kula.

Mwezi uliofuata nikampeleka Mama kliniki. Lifti ya nyuma ilikuwa inafanya kazi. Watu sita walikuwa wanaingoja. Nikamsimamisha Mama mbele ya kisanduku cha kioo kama kawaida, na safari hii nikainama hadi pua ikagusa kioo. Tarehe saba. Saba imekatwa katikati kwa mstari mdogo.

"Jina lake?" Mama akauliza.

"Lake, Mama."

Zamani angekuwa ameshainua mguu. Sasa hakusogea. Alinishika mkono kwa vidole vyake vyembamba, akanigeuzia yale macho yasiyoniona vizuri.

"Na mwandiko?"

"Wake."

"Apa."

Mlango wa lifti ukafunguka, watu wakatungoja. Nikaapa kwa sauti, mbele yao wote. Ndipo akaingia.